Zawadi ya Jana: Luteni Columbo Katika Kasha la Krismasi

Kila inapokaribia Krismasi, magazeti na maduka ya Marekani na Uingereza hutoa orodha za zawadi zinazofaa kununuliwa, na katika orodha hizo, baina ya soksi za sufu, manukato na vitabu vya mapishi, hutokea pia kitu ambacho kwa mtazamo wa kwanza hakimhusu mhakiki wa fasihi: kasha lenye diski za mfululizo wa zamani wa televisheni, aghalabu mfululizo wa upelelezi. Mnunuzi huwa ni mtu mzima anayemtafutia zawadi mzazi wake, au mke anayemtafutia mumewe, na sababu anayoitoa ni moja siku zote, kwamba mpokeaji ataikumbuka enzi yake. Desturi hii imekwisha kuwa ya kawaida kiasi cha kutoulizwa. Hata hivyo kazi ya sanaa inapotolewa mahali pake, ikatiwa katika kasha na kufungwa utepe, maana yake haiwezi kubaki ile ile. Swali la makala haya ni rahisi kulitamka: mtoaji wa zawadi hiyo anatoa nini hasa?

Mfano utakaochunguzwa ni mmoja, nao ni mfululizo wa Columbo. Ipo mifano mingine iliyo maarufu sawa na huo. Perry Mason, aliyeigizwa na Raymond Burr, alionyeshwa na shirika la CBS toka 1957 hadi 1966 katika vipindi 271. Murder, She Wrote, ambamo Angela Lansbury aliigiza mjane mwandishi wa riwaya, ilidumu toka 1984 hadi 1996. Columbo imechaguliwa kwa kuwa fani yake inalikabili swali la kukumbuka na kurudia kwa namna ambayo wenzake hawaifikii, na kwa kuwa, kama itakavyoonekana, mfululizo wenyewe uliwahi kuizungumzia zawadi na pia chombo cha kurudishia wakati.

Watungaji wa Columbo, Richard Levinson na William Link, walikuwa marafiki tangu utoto wao mjini Philadelphia. Mhusika wao alitokea kwanza katika mchezo wa televisheni wa 1960, akiigizwa na Bert Freed. Kisha akapandishwa jukwaani mwaka 1962 katika tamthilia iliyoitwa Prescription: Murder. Tamthilia hiyo ilifanywa filamu ya televisheni mwaka 1968, na hapo ndipo Peter Falk alipolivaa koti la mvua ambalo halikumtoka tena. Mfululizo wenyewe ulianza katika shirika la NBC tarehe 15 Septemba 1971, kwa kipindi kilichoongozwa na kijana ambaye bado hakuwa na jina kubwa, Steven Spielberg. Ulikoma NBC mwaka 1978, ukafufuliwa na shirika la ABC mwaka 1989, na kipindi cha mwisho kikaonyeshwa Januari 2003. Jumla yake ni vipindi 69. Falk alifariki mwaka 2011.

Fani ya mfululizo huu ni ile ya hadithi ya upelelezi iliyopinduliwa. Katika hadithi ya kawaida ya aina hii msomaji hufichwa muuaji hadi mwisho, na raha yake ni ya kubahatisha. Columbo huanza na mauaji yenyewe. Mtazamaji humwona muuaji, hujua sababu yake, hushuhudia jinsi anavyoufuta ushahidi na kujitengenezea uthibitisho kwamba hakuwapo. Kisha, baada ya muda mrefu ambao katika baadhi ya vipindi hufikia robo ya kipindi kizima, ndipo mpelelezi anapoingia, akiwa amechelewa na kana kwamba amepotea njia. Mbinu hiyo haikubuniwa na Levinson na Link. Mwingereza R. Austin Freeman aliitumia katika mkusanyo wake wa hadithi, The Singing Bone, uliochapishwa 1912. Nao waandishi wenyewe hawakuficha kwamba kielelezo cha mpelelezi wao kilikuwa Porfiry Petrovich, yule hakimu mchunguzi wa Dostoevsky katika riwaya ya 1866, mwenye maneno mengi ya pembeni na subira isiyokwisha.

Msomaji wa Kiswahili aliyemzoea Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeletwa kwa wasomaji katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), atamwona Columbo kuwa jamaa wa mbali. Wote wawili ni wa ukoo wa Sherlock Holmes. Lakini Bwana Msa amerithi kiko cha babu yao pamoja na fahari ya akili, na haoni haya kuionyesha akili hiyo mbele ya Najum. Hali Columbo ameukana urithi wote kwa makusudi. Yeye huvuta biri ya bei rahisi, huendesha Peugeot 403 iliyochakaa, hutafuta kalamu mifukoni asiione, na humtaja kila mara mkewe ambaye mtazamaji hamwoni hata siku moja. Anaaga, anafika mlangoni, kisha anageuka kwa kuwa kuna jambo dogo moja amelisahau. Jambo hilo dogo ndilo kamba ya kumfungia muuaji. Akili yake imejificha ndani ya unyonge wake, na muuaji, ambaye karibu siku zote ni tajiri, msomi au mtu wa jina, huangamia kwa sababu ya dharau aliyokuwa nayo kabla ya mpelelezi kufika.

Fani hii ndiyo inayoufanya mfululizo huu kufaa kuwa zawadi. Hadithi inayotegemea siri hufa siri inapofichuka. Aliyekwisha kumjua muuaji wa Perry Mason, yule anayeungama mbele ya mahakama, amebakiwa na kidogo cha kumrudisha kitini mwake. Columbo haina siri ya namna hiyo ya kupoteza. Mtazamaji wa mara ya tano yupo karibu pale pale alipokuwa yule wa mara ya kwanza: anamjua mtenda, anaujua mwisho, na raha yake imo katika mwendo, yaani katika kuangalia jinsi kiburi kinavyokatwa vipande vidogo vidogo. Kwa hiyo anayempa baba yake kasha la Columbo, baba ambaye aliwahi kuviona vipindi vyote, hampi chakula kilichokwisha liwa. Anampa kitu kilicho karibu na ngano, ambayo msikilizaji huidai tena kwa sababu anaijua.

Lakini wauzaji hawatumii hoja hiyo ya fani. Wao huuza hamu ya zamani. Inafaa ikumbukwe kwamba neno wanalolitumia Wazungu kwa hamu hiyo lilibuniwa na mwanafunzi wa udaktari, Johannes Hofer, katika tasnifu yake ya 1688 huko Basel, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi nyumbani na la maumivu. Hofer alilichukulia kuwa ugonjwa, uliowapata Waswisi waliokuwa mbali na kwao. Katika karne zilizofuata ugonjwa huo ulihama: ukaacha mahali, ukashika wakati. Mswisi aliweza kurudishwa kijijini kwake akapona. Anayeitamani 1973 hana gari la kumpeleka, na hapo ndipo muuzaji anapopata nafasi ya kumwuzia tiketi.

Je, tiketi hiyo inafika inakoandikiwa? Raymond Williams, katika kitabu chake cha 1974 kuhusu televisheni, alieleza kwamba sifa kuu ya televisheni si kipindi kimoja kimoja bali mkondo: habari, mchezo, tangazo la sabuni, tangazo la mchezo wa kesho, vyote vikipita mbele ya mtazamaji bila kukatika. Columbo ya kwanza iliishi ndani ya mkondo huo. Ilikuwa sehemu ya mpango wa NBC ambamo michezo mitatu ilipokezana saa ile ile, pamoja na McCloud na McMillan & Wife, mwanzo usiku wa Jumatano na toka 1972 usiku wa Jumapili. Katika msimu wa kwanza, toka Septemba 1971, Columbo ilitokea mara saba tu. Familia iliyompenda Luteni ilibidi imngoje kwa wiki kadhaa, na kama umeme ulikatika au mgeni alibisha hodi usiku huo, kipindi kilipotea. Ilibidi ingoje pia baina ya sehemu na sehemu, matangazo yakipita. Na Jumapili usiku palikuwa na huzuni yake, maana kesho yake ni kazi na shule.

Kasha limeyaondoa yote hayo. Hamna matangazo, hamna kungoja, hamna Jumatatu. Vipindi saba vya msimu mzima vinaweza kutazamwa kwa siku mbili za mvua. Basi kinachotolewa kama jana ni kitu ambacho jana haikuwa nacho. Aliyeiona Columbo mwaka 1971 hakuiona hivi; alichokipenda kilikuwa kimeshikamana na uhaba wake, na uhaba hauwezi kutiwa katika kasha. Hapana haja ya kuulilia uhaba huo, kwani watu wengi waliopitwa na vipindi kwa ajili ya zamu za usiku wangeikaribisha diski kwa mikono miwili. Ila isisemwe kwamba diski inairudisha enzi.

Ajabu ni kwamba mfululizo wenyewe uliliona jambo hili mapema. Katika kipindi cha 1976 kiitwacho Fade in to Murder, William Shatner anaigiza mwigizaji mashuhuri wa televisheni ambaye kazi yake ni kuigiza mpelelezi. Mtu huyo anamwua mtayarishaji wa mchezo wake. Ili apate shahidi, anamlevya rafiki yake kwa dawa wakiwa wanatazama mpira wa besiboli, anaunasa mchezo huo kwa mashine ya kunasia picha, anakwenda kuua, anarudi, anairudisha saa nyuma, kisha anamwamsha rafiki na kumwonyesha mchezo kama kwamba ndio kwanza unaendelea. Rafiki anashuhudia kwa moyo safi kwamba waliukosa muda mchache tu. Mwaka mmoja kabla yake, katika Playback (1975), muuaji mwingine alikuwa amekwisha kumdanganya mlinzi kwa kanda iliyonaswa. Mashine hizo zilikuwa bado ngeni majumbani. Betamax ilianza kuuzwa 1975 na VHS 1976. Watungaji waliitazama teknolojia mpya wakaona ndani yake uwezo wa kumfanya mtu aishi katika saa isiyo yake, na wakauweka uwezo huo mkononi mwa muuaji. Diski za DVD za Columbo, ambazo msimu wake wa kwanza ulitolewa Marekani mwaka 2004, ni wajukuu wa mashine ile ile. Mpokeaji anayeketi siku ya Krismasi kukitazama kipindi hicho yumo katika hali ya yule rafiki aliyelevywa, isipokuwa kwamba yeye amelevywa kwa hiari yake, na aliyemlevya anampenda.

Kuna upande mwingine wa hamu hii ambao si wa kuchezea. Columbo ni askari wa idara ya polisi ya Los Angeles. Kwa kawaida hachukui bastola. Hapigi, hatukani, havunji mlango. Anaomba radhi kwa kuingia. Wanaokamatwa naye ni wakurugenzi, madaktari wa upasuaji, majenerali, waandishi na waongozaji wa okestra, na karibu wote ni Wazungu. Lakini jiji hilo hilo lilikuwa limeshuhudia ghasia za Watts mwezi Agosti 1965, zilizoanza baada ya askari kumkamata dereva Mweusi na kuwaua watu 34. Na mwaka 1992, Columbo ikiwa katika awamu yake ya pili, mahakama iliwaachilia askari wanne waliokuwa wamenaswa katika picha za video wakimpiga Rodney King, na zaidi ya watu 60 wakafa katika ghasia zilizofuata. Los Angeles ya Luteni haina Watts. Ina majumba ya kifahari, viwanja vya gofu na mabwawa ya kuogelea ambamo maiti huelea kwa adabu.

Mhakiki asiye na subira ataishia hapo, aseme kwamba mfululizo huu ni dawa ya usingizi na kwamba kumpa mtu kasha lake ni kumpa uongo. Hukumu hiyo ni nusu. Levinson na Link hawakusema kwamba polisi wa Los Angeles ndivyo walivyo. Walibuni askari ambaye wananchi wengi wangetamani awepo: mtu wa tabaka la chini, anayelipwa mshahara mdogo, ambaye haogopi jina la mtu wala mali yake, na ambaye nguvu yake yote ni kusikiliza na kuuliza tena. Mfululizo ulianza zama za vita vya Vietnam, na kabla ya msimu wake wa tatu kwisha Marekani nzima ilikuwa ikifuatilia mkasa wa Watergate, ambamo wakubwa wa nchi waliufuta ushahidi kwa kiburi kile kile cha wauaji wa Columbo, na ambamo kanda zilizonaswa ndizo zilizowaumbua. Kwa mtazamaji wa 1974 Luteni hakuwa kumbukumbu ya kitu chochote. Alikuwa dai. Kosa la biashara ya zawadi ni kwamba imeligeuza dai hilo kuwa kumbukumbu: imemfanya mpokeaji aamini kuwa zamani palikuwapo askari kama huyu, wakati mchezo wenyewe ulitungwa kwa sababu hakuwapo.

Ikiwa ndivyo, zawadi hii itolewe vipi? Marcel Mauss, katika insha yake ya 1925 kuhusu zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi kutoa, kupokea na kurudisha ni mambo matatu yasiyotengana, na kwamba kitu kinachotolewa huchukua ndani yake sehemu ya nafsi ya mtoaji. Kasha lililonunuliwa dukani dakika za mwisho huchukua kiasi gani cha nafsi? Mfululizo wenyewe una jibu, nalo limo katika kipindi ambacho hapana budi kikubaliwe kuwa miongoni mwa vilivyo bora kabisa, Any Old Port in a Storm, kilichoonyeshwa Oktoba 1973.

Donald Pleasence humo anaigiza Adrian Carsini, mtengenezaji wa mvinyo aliyeitoa roho yake yote kwa kazi hiyo. Nduguye wa baba mmoja, aliye mmiliki halali, anataka kukiuza kiwanda kwa watu wa mvinyo wa rahisi. Carsini anampiga, anamwacha amefungwa ndani ya ghala la chupa bila hewa, mashine ya ubaridi ikiwa imezimwa, naye anasafiri kwenda New York kununua chupa nyingine za thamani. Siku moja kati ya hizo joto linapanda mno. Nduguye anakufa, lakini pia mvinyo wote wa ghala unaharibika, na hakuna aliye na ulimi wa kuutambua uharibifu huo isipokuwa Carsini peke yake. Columbo, ambaye mwanzo hakujua lolote la mvinyo, anajifundisha: anauliza, anaonja, anasoma. Mwishoni anamwandalia Carsini mvinyo wa ghala lake mwenyewe bila kumwambia, na Carsini anaukataa kwa hasira mbele ya watu. Ulimi wake umemshitaki.

Kisha hutokea tendo ambalo halihitajiki na sheria. Njiani, kabla ya kumpeleka kituoni, Luteni anasimamisha gari lake bovu nje ya kiwanda cha Carsini, anatoa chupa na glasi, anammiminia. Ni mvinyo mtamu, wa kufungia mlo. Carsini anautazama, anautambua, na anamsifu mpelelezi kwa kuwa amejifunza vyema. Watu wawili ambao mmoja amemwangamiza mwenzake wanakunywa pamoja, na hapana unafiki katika kunywa huko. Zawadi hiyo ina thamani kwa sababu mtoaji amelipa gharama ya kumjua mpokeaji: amejifunza lugha yake, amejua wakati huu ni wa chupa gani. Tena anakunywa naye. Hakuiacha chupa mlangoni akaenda zake.

Hiki ndicho kipimo ambacho wanunuzi wengi wa makasha hawakifikii. Mtoto anayeishi mbali na wazazi huona kwamba kasha litamkalia mama badala yake jioni za baridi. Pengine litamkalia, mfululizo mzuri ni mwenzi mzuri. Lakini kumbukumbu ambayo mama anayo ya Columbo, kwa kadiri iliyo yake kweli, mara nyingi si ya Peter Falk. Ni ya sebule: nani aliketi wapi, nani alisinzia kabla ya muuaji kukamatwa, nani aliulizwa kama amemaliza kazi ya shule. Sehemu hiyo ya zamani haipo katika diski yoyote, ila mtoto mwenyewe anayo nusu yake, na anaweza kuileta kwa kuketi kitini.

Kwa upande wa chombo, siku za kasha lenyewe zinaelekea jioni. Netflix, kampuni iliyoanza kwa kukodisha diski kwa njia ya posta, ilituma diski yake ya mwisho Septemba 2023, na mtu anayetaka kumwona Columbo sasa humtafuta katika intaneti bila kushika kitu mkononi. Kasha kwa hiyo limekuwa la zamani mara mbili, kwa kilichomo na kwa umbo lake. Jambo hilo linampa mnunuzi sababu moja nzuri ya kulipendelea: kitu kilicho rafuni hakiondolewi usiku na kampuni ambayo mkataba wake umekwisha.

Limebaki suala la kuchagua, ambalo wauzaji hulikwepa kwa kuuza vipindi vyote pamoja kana kwamba vina uzito sawa. Vipindi 45 vya kwanza, toka filamu ya 1968 hadi 1978, ni kazi moja iliyoshikamana, ijapokuwa humo nako mna vilivyolegea. Vipindi 24 vya ABC ni jambo jingine. Luteni alirudi mwaka 1989 na koti lile lile na gari lile lile, katika jiji lililokuwa limebadilika, na vitu ambavyo mwanzo vilikuwa dalili ya umaskini na uzembe wa kujifanya sasa vimekuwa alama ambazo mtazamaji anazingojea ili azishangilie. Mapozi yamekuwa marefu zaidi, mzaha umetangulia ushahidi, na wauaji wengi hawana tena ile fahari ya Carsini inayomfanya mtazamaji asikitike kidogo wanapoanguka. Mfululizo ulikuwa umeanza kujizawadia wenyewe. Hata hivyo katika kipindi cha mwisho, cha 2003, Luteni mzee anaingia katika ukumbi wa dansi wa vijana, muziki wa mashine ukivuma na taa zikimulika, na kwa dakika chache haonekani kuwa alama ya kitu. Ni mzee mwenye koti, amesimama kati ya watu wasiomjua, akitazama sakafu.